Abiria wa Kamukuywa

Gari lilikuwa Datsun kuukuu, rangi ya maziwa yaliyoganda, na mlango wake mmoja wa nyuma haukufunguka ila kwa kusukumwa kutoka ndani. Chepkemei alilipata mwaka wa 1986 kutoka kwa padri aliyekuwa anarudi kwao. Siku aliyolifikisha nyumbani, nje kidogo ya Kitale upande wa Kiminini, watoto wake wawili walilizunguka wakilipapasa kama ndama mgeni. Mumewe, Kipruto, alifungua boneti, akaikodolea macho injini bila kuelewa kitu, akaifunga.

"Mama Cherop," alisema, "hili litakufikisha. Kukurudisha ndiyo sijui."

Chepkemei alikuwa muuguzi. Alisimamia kliniki ya akina mama wajawazito katika hospitali ya serikali mjini Bungoma, na kwake kulikuwa Kitale kwa sababu ndiko lilikokuwa shamba la Kipruto, mahindi yake na ng'ombe wake. Mara tatu aliomba uhamisho, na mara tatu alijibiwa kwa adabu kwamba asubiri. Mwanzoni alikuwa amepanga chumba Bungoma akawa anarudi nyumbani kila Ijumaa, lakini Kimeli, kitinda mimba wake, akaanza kumwita shangazi yake mama. Siku aliposikia hivyo kwa masikio yake mwenyewe, Chepkemei alirudisha ufunguo wa chumba. Akaamua atalala kwake kila siku, hata kama ni kuendesha gari saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa raha. Kufika wa nne alikuwa anaiogopa asubuhi. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Lugulu, Webuye na harufu ya kiwanda chake, kisha Bungoma; jioni yale yale kinyumenyume. Alijaribu kila njia ya kuupunguza urefu wa safari. Alifungiwa redio, nayo ikawa inasema vizuri hadi Kiminini, kisha inakwaruza kama kuku. Alinunua kaseti za kwaya, akazisikiliza hadi akachukizwa na sauti za wale waimbaji kana kwamba ni majirani wagomvi. Akajaribu kusali, lakini aligundua kwamba midomo inasali huku mawazo yakihesabu nguo za shule ambazo hazijafuliwa.

Asubuhi moja ya mwaka wa 1987, alipokaribia Misikhu, alisinzia. Alizinduliwa na honi ya trekta lililobeba miwa, akajikuta yuko upande usio wake. Akavuta usukani kwa nguvu zote, gari likaparamia nyasi, likasimama hatua mbili tu kutoka mtaroni. Mwenye trekta alishuka, akamtazama kupitia dirishani.

"Mama, rudi nyumbani ulale kwanza," alisema, wala hakusema kwa ubaya.

Chepkemei hakumwambia Kipruto. Alijua jibu lake lingekuwa ni kuacha kazi, na alijua pia kwamba siku hiyo angelikubali.

Kesho yake, alipofika njia panda ya Kamukuywa, alisimamisha gari mbele ya mzee aliyekuwa akimwona pale kwa mwaka mzima akingoja basi. Mzee alivaa koti lenye viraka vya ngozi viwikoni na kofia ya pama, na chini ya kwapa alikuwa na bahasha ya khaki.

"Mzee, unaelekea Bungoma?"

"Naelekea huko, binti yangu. Lakini basi langu linakuja."

"Ingia tu. Nataka mtu wa kuongea na mimi nisije nikalala."

Mzee akacheka, akaingia. "Basi umempata. Mke wangu Bilha husema Mungu alinipa kipawa kimoja tu, na ndicho hicho."

Jina lake lilikuwa Mukhisa. Alikuwa amefundisha shule za msingi miaka thelathini, na alipostaafu akapata kazi ya ukalimani mahakamani Bungoma, kutafsiria hakimu maneno ya watu wasiojua Kiswahili wala Kiingereza. Kabla hawajafika Webuye alikuwa amekwisha kumwuliza Chepkemei habari za kazi yake yote, naye akajikuta akieleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu. Wengi wa akina mama wake walizungumza Kibukusu, na yeye, Mkalenjini, hakukijua. Alimtegemea mfagizi wa kliniki amtafsirie.

"Mama anaweza kueleza dakika tano nzima," alisema. "Halafu mfagizi ananiambia, 'Sista, anasema anaumwa.'"

Mukhisa alipiga dashibodi kwa kiganja. "Hiyo ni dhambi! Mimi nikifanya hivyo kortini, mtu anaenda kuozea jela kwa ajili ya ulimi wangu mfupi." Kisha akasema, "Sista, mimi nauli yako siwezi. Lakini nikikufundisha?"

Mambo yakaanza hivyo. Sheria waliyoiweka ilikuwa moja: wakishalivuka daraja la Kamukuywa, Kiswahili kinabaki ng'ambo. Asubuhi mzee alitaja sehemu za mwili na maradhi yake, Chepkemei akarudia, gia ikibadilishwa katikati ya neno. Jioni ilikuwa zamu yake kusimulia siku nzima, tangu mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa Kibukusu kitupu. Mukhisa alimsahihisha bila huruma, kama aliyekuwa bado na chaki mkononi. Naye alitaka malipo yake. Watu wa mlimani waliletwa kortini mara kwa mara, na ilibidi kesi iahirishwe hadi apatikane anayejua lugha yao. Kwa hiyo, kutoka Lugulu kupanda, Chepkemei alimfundisha Kikalenjini. Mzee aliyatamka maneno vibaya hadi Chepkemei akalazimika kupunguza mwendo kwa kucheka. Hata Kiswahili chake, akichoka, kilichanganya r na l. Alisema "balabala", na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kujicheka.

Usingizi wa barabarani ulikoma. Kuna siku walifika Bungoma wakabaki wameketi garini nje ya mahakama kwa sababu sentensi haijaisha, askari wa lango akiwatazama kwa mshangao. Kipruto aliliona badiliko hilo nyumbani. Mkewe alirudi jioni akiwa na maneno mdomoni, akawauliza watoto habari za shule na kungoja majibu. Mwaka huo Krismasi ilipofika, familia nzima ilialikwa kwa Mukhisa, juu kidogo ya Kamukuywa, na Bilha akawapikia kuku na ugali wa wimbi. Alimtazama Chepkemei akimsalimu kwa Kibukusu, akamgeukia mumewe. "Kumbe ni huyu anayekuleta nyumbani ukiwa umenyamaza! Maneno yote unayamaliza kwake."

Siku moja ya mwaka wa 1989 aliletwa kliniki mwanamke kijana kutoka upande wa Chwele, mimba yake ikiwa ya miezi minane. Mama mkwe wake ndiye aliyezungumza. Alisema ni uchovu tu, wasichana wa siku hizi hawana nguvu. Chepkemei aliinama karibu na sikio la yule mwanamke, akamwuliza mwenyewe, kwa lugha yake, anasikia nini. Mwanamke alimkazia macho kana kwamba kitanda ndicho kilichosema. Kisha akamwaga yote: kichwa kinapasuka tangu Jumapili, anaona vimulimuli, na mtoto hajacheza vizuri siku mbili. Alikuwa ameonywa nyumbani asiseme. Chepkemei alipima presha, akaita daktari kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika katika kliniki ile, na kabla ya saa sita mama na mtoto wake walikuwa hai, kila mmoja katika kitanda chake.

Jioni alimsimulia Mukhisa. Alikosea vitenzi mahali patatu na alijua kwamba amekosea, lakini mzee hakumsahihisha. Aligeukia dirisha, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, na hadi Lugulu hakuirudisha usoni.

Mambo yalianza kuharibika mwishoni mwa mwaka wa 1991. Watu walioazimana majembe miaka na miaka walianza kuulizana babu wa nani alitoka wapi. Nyumba zilichomwa kwanza kule mlimani, kisha karibu zaidi, za upande huu na za upande ule, na barabarani Chepkemei akawa anapishana na watu waliojitwika magodoro, wakielekea kwenye viwanja vya makanisa. Vijana walipanga mawe njiani, wakasimamisha magari, wakauliza majina.

Walisimamishwa mara mbili. Mara ya kwanza vijana walimwuliza Chepkemei kwa Kibukusu ni nani, naye akajibu kwa Kibukusu kwamba yeye ni sista wa Bungoma, amewazalisha dada zao. Walitazamana, wakaondoa mawe. Mara ya pili waliowasimamisha walikuwa wanazungumza lugha yake yeye. Kabla hajafungua mdomo, Mukhisa aliwasalimu kwa Kikalenjini, kwa matamshi yale yale mabaya ya kila siku. Kijana mmoja alicheka. Mwenzake hakucheka. Alizunguka gari, akasoma namba yake polepole, akawaashiria wapite.

Nyumbani, Kipruto alikuwa akimngoja mlangoni.

"Mama Cherop, watu wanauliza yule mzee ni nani kwako."

"Ni mwalimu wangu. Si umekula kwake?"

"Mimi najua. Waambie hao watakaokuja kuchoma zizi." Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na Chepkemei aliona heri ingekuwa hasira.

Jioni moja ya Februari 1992, wakiwa bado hawajafika darajani, Mukhisa alisema kwa Kiswahili, "Kesho usisimame."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Kwetu wanasema nakupa siri. Kwenu wanasemaje?"

Chepkemei alibadilisha gia.

"Ni hayo hayo," mzee alisema. "Nitarudia basi langu. Asubuhi nitakuwa pale pale pangu, nikuone umepita. Jioni nitajitahidi nitangulie kufika, nikuone ukirudi."

"Basi nitakupungia mkono."

"Usinipungie. Usukani ushike kwa mikono miwili."

Kwa wiki tano ikawa hivyo. Datsun ilipotokea kwenye kona, mzee alivua kofia akaishika kifuani kama mtu anayepitiwa na maiti, na Chepkemei alipita akiwa ameuminya usukani hadi vidole vikauma, bila kugeuza shingo. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu. Akishavuka daraja alisema kwa sauti, kwa Kibukusu, kwamba leo kuna mawingu, kwamba Cherop ana mtihani, kwamba breki zinalia. Hakukuwa na wa kumsahihisha.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu mzee hakuwepo. Jioni pia hakuwepo. Jumatano Chepkemei alipunguza mwendo hadi karibu asimame, akaona njia panda imejaa watu asiowajua wanaomtazama, akakanyaga mafuta. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Kuuliza kwenyewe kungekuwa kumchongea.

Alhamisi, kliniki ilijaa. Chepkemei alikuwa akiandika uzito wa mama mmoja kwenye kadi wakati wanawake wawili, kwenye benchi nyuma yake, walipoanza kuzungumza kwa Kibukusu. Mmoja alisema yule mkalimani wa Kamukuywa ameuawa. Alikuwa amekwea kwenda kwa mdogo wake, karibu na mlima, kumtoa shemeji yake na watoto. Watoto walitoka salama. Yeye alibaki nyuma kufunga lango, mshale ukampata hapo.

"Si ni yule aliyekuwa akibebwa na huyu?" mwenzake aliuliza.

"Ndiye. Na huyu ni wao."

Walisema hayo bila kujificha, maana walikuwa wageni kliniki, walimjua kwa gari lake tu, na hawakudhani kwamba anasikia lugha yao. Alisikia kila neno. Hakuna hata kitenzi kimoja kilichompita. Alimaliza kuandika uzito, akampa mama kadi yake, akaingia stoo akaketi juu ya boksi la glavu, mikono magotini. Baada ya muda alisimama akanawa uso, akatoka, kwa sababu foleni ilikuwa bado ndefu.

Mukhisa alizikwa Matulo, karibu na Webuye, kwa ndugu za Bilha, maana juu ya Kamukuywa hapakukalika tena. Kipruto alimwomba mkewe asiende. Alipoona anavaa sare yake nyeupe ya kazini, alikaa kitandani akasema, "Angalau egesha gari kichwa kikiwa kimeelekea njiani."

Alisimama nyuma kabisa, karibu na uzio. Hotuba zilikuwa nyingi na zote alizielewa. Wanafunzi wa zamani walisimulia jinsi mwalimu alivyowachapa na jinsi alivyowalipia karo. Kisha kijana mmoja akasimama, akasema habari za watu wa upande ule mwingine, wao ni watu gani na inafaa wafanywe nini, na vichwa vikaanza kugeuka kimoja baada ya kingine kuelekea kwenye sare nyeupe. Mgeni asiyejua lugha angedhani ni maombi. Mzee mmoja wa kanisa alimwamuru kijana akae, akakaa, lakini yaliyosemwa yalikuwa yamesemwa, na Chepkemei alikuwa ameyapokea kwa lugha ambayo marehemu alimpa.

Alipofika mbele ya Bilha, alifungua mdomo akakuta hamna kitu. Miaka mitano ndani ya gari walikuwa wamejifunza maneno ya ugonjwa na ya uzazi, ya chakula, ya mvua, ya mahakama. Maneno ya kumpa pole mfiwa hawakuwa wameyafikia. Alijua "mulembe", salamu ya amani, na hiyo hakuweza kuitamka mahali pale.

Bilha alimtazama. Akasema kwa Kiswahili, "Sista. Ni wewe ulikuwa unapita unamwacha balabalani?"

"Ni mimi, mama."

"Alikuwa anakuja nyumbani ananiambia. Anasema leo ameshika usukani vizuri." Kisha akageuka kumpokea mtu aliyefuata.

Chepkemei aliendelea kuendesha. Amani ilirudi kidogo kidogo, mawe yakaondolewa, watu wengine wakarudi kwao na wengine hawakurudi. Hakubeba abiria mwingine. Kliniki alizungumza Kibukusu kama kawaida na akina mama walimsifu, lakini alikuwa amekoma kujifunza. Neno jipya likimpita aliliacha liende. Mara moja kwa mwezi, Ijumaa, alikata kona kuingia Matulo na kumpelekea Bilha majani chai na sukari. Ziara za kwanza hawakuongea. Bilha alichambua maharagwe, Chepkemei akavuta ungo upande wake akachambua naye, kisha akaaga. Baadaye Bilha akaanza kuuliza watoto hawajambo.

Uhamisho wa Kitale ulikuja mwaka wa 1995. Hospitali mpya ilikuwa dakika chache tu kutoka nyumbani. Wenzake walimpongeza, wakamnunulia keki. Ijumaa ya mwisho alipitia Matulo kuaga, akamkuta Bilha amevaa viatu, kitambaa safi kichwani, mkoba mapajani.

"Kabla hujaenda kabisa," Bilha alisema, "nipeleke nikaone kwangu."

Walipita Lugulu, wakapita Misikhu. Walipofika Kamukuywa, Bilha alimwelekeza kwa kidole, ingawa Chepkemei alikuwa akiijua njia, hadi wakasimama mbele ya kiwanja ambacho kilikuwa cha Mukhisa. Ukuta mmoja wa nyumba ulikuwa bado wima, mweusi upande wa ndani. Kwingine kote, hata pale palipokuwa na jiko, mtu wasiyemjua alikuwa amepanda mahindi, na mahindi yalikuwa yamefika magotini.

Chepkemei alizima gari. Bilha hakushuka. Alishusha kioo, akaweka mkono dirishani, akaitazama mistari ya mahindi kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Machozi yalimtoka akayaacha yateremke.

"Ameyabananisha sana," alisema mwishowe, kwa Kibukusu. "Haya hayawezi kuzaa vizuri."

"Hayawezi, mama," Chepkemei alijibu.

Wakakaa. Mwanamke mmoja alitokea nyuma ya mahindi, akaliona gari, akarudi haraka ndani ya mahindi. Bilha alipandisha kioo, akafungua mkoba, akatafuta leso.

"Haya, sista. Twende."

Chepkemei aligeuza gari mahali pale pembamba, akaenda nyuma na mbele mara tatu ili lisikanyage mahindi ya watu, akamrudisha Matulo.